Walinzi wa Kanzidata ya Bonde la Kilombero

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara inaweza kukueleza ni watoto wangapi walilazwa kwa malaria mwezi uliopita, na wangapi walifia wodini. Haiwezi kukueleza ni wangapi walifia nyumbani Namawala, njiani kutoka Lupiro, au kwenye vibanda vya shambani ambako familia huhamia msimu wa mpunga. Wala haiwezi kusema hao waliofariki ni wangapi kati ya watoto wote waliokuwa hai mwaka huo. Pasipo hesabu hiyo, hakuna daktari, diwani wala mfadhili mwenye haki ya kudai kwamba chandarua, chanjo au zahanati mpya imeokoa maisha.

Bonde la Kilombero ni moja ya sehemu chache za Tanzania ambako hesabu hiyo ipo. Kati ya Septemba na Desemba 1996, wadadisi walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wakaandika kila kaya na kila mtu anayeishi humo. Kuanzia Januari 1997 wakawa wanarudi kila baada ya miezi minne kuuliza: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama? Kazi hiyo ilikuwa ya kituo cha utafiti ambacho mizizi yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa mwaka 1957, kufuatia safari za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, aliyefika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Tangu 2008 kituo hicho kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2007 mji wa Ifakara wenyewe uliongezwa katika mfumo, na kufikia miaka ya 2010 kanzidata ilikuwa inafuatilia watu wapatao 125,000 vijijini na 45,000 mjini.

Yaliyoandikwa kuhusu mbu na malaria ya Ifakara ni mengi. Kuhusu seva na watu wachache wanaoifanya hesabu hii iaminike, machache mno. Makala hii ni juu yao.

Kanzidata ya aina hii haifanani na sensa. Sensa hupiga picha ya siku moja, kisha husubiri miaka kumi. Huku kila mkazi ana namba yake ya kudumu, na taarifa mpya huunganishwa na zote zilizotangulia. Mtu akizaliwa au akihamia, siku zake zinaanza kuhesabiwa. Akifariki au akihama, hesabu inasimama. Jumlisha siku zote ambazo watoto wa chini ya miaka mitano waliishi katika vijiji hivyo kwa mwaka, na umepata namba ya kugawia. Chukua vifo vyao, gawa kwa namba hiyo, na umepata kiwango cha vifo. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba hakuna mtoto aliyeandikwa mara mbili na hakuna aliyesahaulika.

Tuseme mdadisi amerudi kutoka Idete na taarifa kwamba Zaituni, mwenye umri wa miaka 27, amejifungua mtoto wa kike mwezi Machi. Programu inaikataa taarifa hiyo, kwa sababu kwenye kanzidata Zaituni huyo ana mtoto mwingine aliyezaliwa Novemba iliyotangulia. Huenda mwezi umeandikwa vibaya. Huenda mtoto wa Novemba ni wa mke mwenza, na karani alimpachika mama asiye wake. Huenda pia nyumba hiyo ina Zaituni wawili, mmoja mke wa mwenye nyumba na mwingine wifi yake aliyekuja kujifungulia kwa kaka. Mtaalamu wa data aliyeketi Ifakara anayaona yote hayo kwenye kioo, na hana ruhusa ya kubahatisha. Anaandika swali, analituma kwa msimamizi, na mdadisi anarudi Idete kuuliza upya. Akikata shauri kubadilisha tarehe ili tu mashine inyamaze, amemtengenezea mtoto historia ya uongo itakayobaki humo miaka na miaka, na hakuna atakayeigundua.

Bonde lenyewe linazidisha ugumu. Kaya nyingi zina nyumba kijijini na kibanda shambani, mbali kwenye tambarare ya mto, na wakati wa kupanda, kulinda ndege na kuvuna familia nzima inaweza kuishi huko kwa miezi kadhaa. Mdadisi akikuta mlango umefungwa, je, wamehama au wako shamba? Akiandika kuwa wamehama, na mwenzake wa kijiji jirani akiwakuta huko na kuwaandika kama wahamiaji, tayari watu sita wamegeuka kumi na wawili. Kuwaunganisha tena ni kazi ya kulinganisha jina la mama, umri na kijiji walichotoka, kaya moja baada ya nyingine. Programu inaweza kupendekeza kwamba hawa ni wale wale. Uamuzi ni wa binadamu anayelijua bonde.

Uvumilivu huo ulilipa mapema. Mfumo uliundwa kwanza kwa ajili ya mradi wa KINET, uliosambaza kwa bei nafuu vyandarua na dawa ya kuvitilia kwa jina la Zuia Mbu. Ndani ya miaka mitatu, watoto wachanga wanaolala ndani ya chandarua walipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya nusu. Mwaka 2001 jarida la The Lancet lilichapa matokeo: kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne, vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo, uliowawezesha wajawazito kununua chandarua kwa bei ndogo. Asilimia hiyo 27 isingejulikana bila kanzidata iliyojua kila mtoto alikuwa wapi na kwa muda gani.

Kwa miaka mingi yote haya yalitegemea karatasi. Kila mdadisi alibeba daftari la kaya lenye orodha iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta, akaandika mabadiliko kwa mkono, kisha fomu zikasafiri hadi Ifakara kuingizwa na makarani. Zile za vijiji vya upande wa Ulanga zilivuka Mto Kilombero kwa kivuko, kwani Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa Mei 2018 tu. Programu ya awali ya kusajili kaya ilitokana na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Navrongo, kaskazini mwa Ghana. Baadaye ukaja mfumo wa OpenHDS, ulio wazi kwa yeyote kuutumia bila malipo ya leseni, na Ifakara ni miongoni mwa vituo vilivyouchukua. Daftari likabadilishwa na kishikwambi.

Kishikwambi kimeondoa kazi ya kunakili, lakini uzito wote kimeuhamishia kwenye seva. Kabla ya kwenda kijijini kinachota orodha ya kaya za eneo husika. Mchana kinafanya kazi bila mtandao, na jioni wadadisi wakifika penye mawasiliano, taarifa za siku nzima zinamiminika kwa pamoja. Saa hiyo ndiyo seva inapoelemewa. Inapaswa kupokea kila fomu, kuhakiki namba ya mtu, kukataa yenye hitilafu na kuhifadhi iliyo sawa, bila kuruhusu vishikwambi viwili kubadilisha kaya moja kwa wakati mmoja.

Umeme nao una yake. Mtambo wa Kidatu wenye megawati 204 na ule wa Kihansi wenye megawati 180 iko pembezoni mwa bonde hili hili, lakini kuwa jirani na bwawa hakuizuii radi ya masika kukata njia ya umeme. Seva ikizimika ghafla katikati ya kuandika, kanzidata iliyojengwa vizuri hufuta tendo lililokuwa nusu na kurudi ilipokuwa. Isiyojengwa vizuri hubaki na mtoto asiye na mama. Ndiyo maana betri za akiba hazipo ili kazi iendelee usiku kucha. Zipo ili seva ipate dakika chache za kujifunga kwa utaratibu, au za kusubiri jenereta iwake. Ongeza joto la Ifakara, unyevu na vumbi, na utaelewa kwa nini kiyoyozi cha chumba cha seva si anasa.

Juu ya yote ni nakala rudufu. Kanuni inayofuatwa na wataalamu kote duniani ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na eneo la kazi. Katika bonde la mafuriko, hiyo ya mbali ndiyo ya kutegemea. Na nakala ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuirejesha siihesabu kabisa. Diski iliyojaa faili zisizofunguka nimeiona zaidi ya mara moja katika ofisi mbalimbali, na kila mara wenye ofisi waliamini wamejilinda.

Wanaofanya haya yote ni watu wachache: msimamizi wa data, mtayarishaji wa programu, mtunza seva, na wasimamizi wa wadadisi. Wafadhili hulipia miradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Utafiti wa dawa fulani utakuwa na fedha za magari, posho na vipimo kwa miaka mitatu; mtunza seva anaandikwa kwenye mstari mdogo wa mwisho, au anaazimwa. Mradi ukiisha, kijana aliyejifunza kila kona ya kanzidata hupata kazi Dar es Salaam, na anaondoka na maarifa ambayo hayakuandikwa popote. Naliona hili kuwa kosa kubwa la kupanga fedha. Thamani ya kanzidata kama hii hukua kadiri miaka inavyoongezeka bila pengo. Raundi moja ikirukwa, vifo vya miezi hiyo havipatikani tena kwa usahihi, kwa sababu watu husahau tarehe na wengine huwa wamehama. Halmashauri, wizara na wafadhili wanaotumia takwimu zake wanapaswa kuwalipa watunzaji wake kwa ajira ya kudumu.

Kwako msomaji wa Lupiro, Idete au Ifakara mjini: mdadisi akibisha hodi, mpe majibu ya kweli, kisha nawe muulize. Taarifa zangu zinatunzwa wapi? Nani anaona jina langu? Watafiti wa nje wanapewa data zenye majina au zilizoondolewa majina? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuuliza hayo na kujibiwa.