Jengo la Umma Likigeuka Gofu, Nani Anawajibika?

Wakazi wengi hutuuliza: ile nyumba iliyong'olewa mabati na milango, kando ya barabara, ni ya nani? Mara nyingi jibu ni kaunti. Mabaraza ya miji na manispaa yalipokoma baada ya uchaguzi wa 2013, serikali za kaunti ziliachiwa nyumba zao pamoja na madeni. Majengo ya idara za kitaifa, kama nyumba za polisi, yako chini ya serikali ya kitaifa.

Hata hivyo, kaunti si mwenyewe kamili. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi hiyo inashikiliwa kwa niaba ya wakazi, na husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Gofu lenu haliwezi kuuzwa kimyakimya. Na afisa wa afya anayempa landilodi notisi kwa jengo bovu hana sababu ya kulipita la kaunti. Ukuta unaoyumba hauchagui wa kumwangukia.

Kikwazo kikubwa ni stakabadhi. Ploti isiyo na hatimiliki, tena yenye nyumba tupu, ndiyo wanyakuzi huimezea mate.

Ukiliona gofu kama hilo, mjulishe msimamizi wa wadi. Unaweza pia kuomba kwa maandishi kujua mmiliki wake: Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inatupa siku 21 kukujibu. Usiporidhika, wasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti.