Mtoto anapokikataa chakula

Binti wa miaka 14 anasema ameshakula shuleni. Jioni anausukuma wali pembezoni mwa sahani, na kila siku anao udhuru mpya wa kutoketi na wenziwe kwenye sinia. Ramadhani ikiingia, yeye ndiye wa mwisho kufuturu, na jamaa humsifu kwa ucha Mungu. Kisha hedhi hukatika, nywele hupukutika, naye huhisi baridi mchana wa jua kali. Hapo mmoja husema ni vidonda vya tumbo, na mwingine husema ni kijicho.

Madaktari huyaita maradhi haya anoreksia: mgonjwa hujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Yanayokaribiana nayo ni bulimia, iliyoelezwa na Profesa Gerald Russell wa London mwaka 1979, ambapo mtu hula kwa pupa na kwa siri, kisha hujitapisha. Si deko wala si ukaidi, na wavulana pia hupatwa.

Kwa muda mrefu wazazi walihesabiwa kuwa sehemu ya tatizo. William Gull, daktari wa Uingereza aliyeyapa maradhi hayo jina katika miaka ya 1870, aliwaona jamaa kuwa ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Huko Paris, Charcot alishikilia kuwa binti atengwe na wazazi wake ndipo apone. Mageuzi yalikuja karne moja baadaye. Mjini Philadelphia, Salvador Minuchin alianza kuketi na familia nzima saa ya chakula. Kisha Russell na wenzake katika hospitali ya Maudsley, London, wakaonyesha mwaka 1987 kwamba vijana ambao maradhi yao yalianza mapema, na hayajavuka miaka mitatu, hupata nafuu zaidi familia inaposhirikishwa katika tiba.

Katika njia hiyo hakuna anayeulizwa kosa ni la nani. Wazazi hushika mamlaka ya chakula: wao huamua kiliwe nini, kiasi gani na saa ngapi, nao huketi na mtoto kwa upole na uthabiti mpaka amalize. Uzito ukirudi, mamlaka hayo hurejeshwa kwake kidogo kidogo. Mwisho huzungumzwa mambo mengine ya ujana wake. Sharti gumu, hasa katika nyumba zetu zenye watu wengi, ni kauli moja. Baba akisema “maliza” na bibi akasema “mwacheni mtoto”, maradhi hupenya katikati yao.

Huenda msomaji akauliza kwa nini chakula kitangulie mawaidha. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Waliingiwa na huzuni, wakajitenga, wakawa hawafikirii ila chakula. Baadhi yao walisoma vitabu vya mapishi kwa shauku. Njaa yenyewe huipotosha akili, na nasaha haziingii mpaka mwili ushibe.

Hata hivyo, aliyedhoofu sana aanzie hospitali. Akilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti na chumvi nyingine za damu huweza kushuka hata moyo ukashindwa. Kwa watu wazima na wenye bulimia hutumika zaidi tiba ya mazungumzo, kama ile iliyopangwa na Christopher Fairburn wa Oxford: kula kwa saa maalumu, kuandika kila kilicholiwa, na kuzichunguza fikra zinazotangulia ulaji wa pupa.

Na saumu? Aya ya 184 na ya 185 za Surat Al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na maradhi haya ni maradhi kama mengine. Daktari na mwanachuoni waulizwe kabla ya mwezi kuandama, na swali hilo liguse pia kadha na funga za sunna za Jumatatu na Alhamisi, maana humo ndimo kujinyima hujificha kwa urahisi zaidi. Tarawehe na darsa zimo ndani ya uwezo wa wengi wao, kwa kadiri ya nguvu zao. Kazi ya jikoni apewe kwa tahadhari: mwenye anoreksia aghalabu hupenda kuwapikia wengine mapochopocho ambayo yeye mwenyewe hayaonji.