Dhahabu ya Mtemi wa Friedland

Ukiniuliza, katika dukati zote, sarafu zile za dhahabu, za watemi wa Ulaya ya karne ya 17, ni ipi ningeiuzia shamba, sisiti: ya Albrecht von Wallenstein.

Enzi zile Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma aliweza kumpa mtemi wa jimbo haki ya kupiga sarafu zake mwenyewe. Kipimo kiliwekwa kwa sheria ya 1559: dukati moja takriban gramu 3.49, dhahabu asilimia 98.6. Uzito ulikuwa wa sheria. Sura na majina yalikuwa ya mtemi.

Wallenstein aliijua kazi hiyo kwa upande wake mchafu. Mwaka 1622 alishirikiana na matajiri wenzake kukodi haki ya kutengeneza sarafu huko Bohemia. Walichakachua fedha kwa shaba, bei zikapaa, akiba za watu zikayeyuka. Yeye alikuwa akijinunulia mashamba waliyonyang'anywa waasi wa Bohemia. Mwaka 1625 Kaisari Ferdinand II akampa utemi wa Friedland, na mwaka uliofuata Wallenstein akafungua kiwanda chake mjini Jičín. Safari hii jina lake lilikuwa juu ya sarafu, na dhahabu ikatoka safi!

Alipoongezewa utemi wa Sagan, kisha wa Mecklenburg, vyeo vikajazana ukingoni, maneno yakafupishwa ili yaenee. Mkusanyaji huvisoma vyeo hivyo kukadiria umri wa sarafu hata kabla ya kutazama mwaka. Februari 1634 aliuawa mjini Cheb. Muda wake wa kupiga sarafu ulikuwa mfupi, na dhahabu nyingi ya zamani iliishia kuyeyushwa. Ndiyo maana dukati zake ni adimu.

Mimi nikishika dukati yoyote, naanza na ukingo. Nyingi zilitiwa kikonyo zikavaliwa shingoni. Kikonyo kikishabanduliwa, juu ya kichwa cha mtemi hubaki sehemu laini iliyopigwa tupa, pengine yenye rangi tofauti kidogo. Hapo bei hushuka. Ukiona vitundu vidogo vidogo na mshono ukingoni, hiyo imemiminwa kwenye kalibu: ni ya bandia. Halafu mzani: sarafu moja ya dukati kumi, kubwa, ya zawadi na fahari, haina budi kukaribia gramu 35.

Anayeanza asikimbilie Wallenstein. Anunue kwanza dukati ya Uholanzi, yenye askari aliyeshika fungu la mishale. Zilipigwa kwa wingi na bado zinapatikana. Mkono ukishauzoea uzito wake na jicho likaujua ukingo wake, hapo aende mnadani kusoma vyeo vya mtemi wa Friedland.