Shoti Inayoota Asubuhi ya Ukungu

Msomaji mmoja wa Litein, mpiga gitaa kanisani, ametuletea swali lililonifurahisha sana. Alinunua pakiti ya vipuri vya kujiundia priampu, akaiunganisha mwenyewe, na jioni ile ikafanya kazi bila tatizo. Kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa haujaondoka kwenye majani chai, priampu ikaanza kukwaruza na kukatakata sauti. Kufika saa nne, jua limekwisha kuwaka, ikapona bila kuguswa. Akapima kwa mita, asione shoti yoyote. Anauliza: hivi kuna shoti inayokuja na kuondoka?

Ipo, tena huota. Nayaacha yale ambayo fundi yeyote wa redio hukagua kwanza: miguu ya vipuri iliyokatwa ikaanguka chini ya bodi, tone la solda lililoshikanisha miguu miwili ya IC, skrubu ya chuma inayogusa njia ya shaba. Hayo yanaonekana kwa macho. Shoti ya Litein ni nyingine kabisa.

Solda ni bati, mara nyingi lililochanganywa na risasi. Ili ishike kwenye shaba huhitaji fluksi, dawa inayokula kutu, na dawa hiyo haiwezi kufanya kazi bila ukali wa asidi. Ukimaliza kuchomelea, mabaki yake hubaki kati ya mguu na mguu. Kericho, iliko Litein, nayo iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua haikosi karibu mwezi wowote. Usiku hewa ikipoa, unyevu hutua juu ya bodi, na mabaki yale huuvuta na kuushika. Unapata utando wa maji ambao jicho haliuoni.

Sasa washa umeme. Upande chanya, atomi za bati hupoteza elektroni, zinageuka ioni na kuingia majini. Zinavutwa kuelekea upande hasi, zinapokea elektroni huko, na kurudi kuwa bati gumu. Uzuri wenyewe unaanzia hapo.

Wafikirie wachumaji wanaopeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, na kila mmoja anaruhusiwa kumwaga mzigo wake pale anapokutana na rundo. Wa kwanza anamwaga mlangoni. Wa pili anakuta rundo limetokeza kidogo nje, anamwaga kwenye ncha yake. Ya nini kwenda mbele zaidi? Wa tatu vivyo hivyo. Anayetokea shamba la kushoto anamwaga ubavuni, na hapo tawi linachipuka. Wanaokuja nyuma hawaufikii mlango tena, kwa maana ncha za matawi zinawapokea kabla hawajafika. Kadiri rundo linavyoenda kuwalaki, ndivyo safari inavyofupika na mizigo inavyomiminika upesi, mpaka ncha moja inaligusa shamba lenyewe. Ndivyo ioni zinavyofanya, na mvuto wa umeme, ulio mkali zaidi penye ncha, huzidi kuzielekeza hapo. Kwa hiyo ioni zinasafiri kutoka chanya kwenda hasi, ilhali mti wa bati unaota kutoka hasi kwenda chanya! Wataalamu huuita dendriti. Mimi napendelea mtimadini, maana ukiutazama kwa kioo cha kukuza unaona shina, matawi na vitawi.

Mti ukifika ng'ambo, mkondo unapita kwenye kitawi chembamba kuliko unywele, kinaungua, shoti inatoweka. Dakika chache baadaye kingine kinaota. Huko ndiko kukwaruza. Jua likikausha utando, kazi yote inasimama.

Kwa nini priampu ndiyo iumie? Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alipokwenda Kapkatet mwaka 1950 kuwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha, sauti zao zilipita njia hiihii: maiki hutoa milivolti chache tu, lazima zikuzwe kwanza. Penye ishara ndogo hivyo, hata utando mtupu, kabla mti haujaota, unatosha kuleta fujo. Chukua mlango wa gitaa wenye rezista ya megaohmu 1 kwenda ardhini, na utando unaovujisha umeme wa volti 12 kupitia ukinzani wa megaohmu 10. Volti 1.1 zinajitokeza mahali ambapo gitaa huleta kama sehemu ya kumi ya volti. Mita nayo hailii, kwa sababu mlio wake husubiri ukinzani wa makumi machache ya ohmu.

Ukitaka kuuona mti, tafuta kipande cha bodi kuukuu chenye vidoa viwili vya solda vilivyokaribiana, dondoshea tone la maji ya mvua juu yake, unganisha betri ya volti 9 kupitia rezista ya kiloohmu 1, kisha utazame kwa kioo cha kukuza. Ni dakika chache tu.

Dawa ni kuosha. Tumia alkoholi ya isopropili, wanayotumia watengeneza simu, pamoja na mswaki laini. Chagua solda yenye fluksi ya utomvu wa msonobari, ambayo ikipoa huganda na kufungia ukali wake ndani. Ile asidi ya mafundi wa mifereji ya mabati isikaribie bodi hata kidogo.

Kwa msomaji wetu wa Litein: chomoa umeme, fungua kasha, osha bodi pande zote mbili, iache ikauke kabisa, ndipo upake vanishi, ukiepuka swichi na vitufe vya sauti. Usianze na vanishi. Ukiipaka juu ya mabaki, utakuwa umeyafungia ndani, na mti utaendelea kuota chini yake.