Mvuto wa Namba: Somo la Namba Tasa kwa Punje za Maharage

Watu wengi wanaoogopa hesabu hawakuzaliwa na hofu hiyo. Waliipata darasani, walipotakiwa kukariri kanuni ambazo hawakuona zilikotoka. Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha walimu-wanafunzi kwamba tabia za namba nzima zaweza kumvutia hata mtu asiye mtaalamu, tena bila vifaa vya gharama.

Mfano wa kwanza uko mbele ya macho ya mtoto wa Morogoro. Katika miteremko ya Uluguru, hasa upande wa Mgeta, wakulima hupanda kabichi na mboga nyingine kwenye matuta ya ngazi. Tuseme mzazi ana miche 12. Aweza kuipanda katika mistari 2 yenye miche 6 kila mmoja, au mistari 3 yenye miche 4. Akiongezewa mche mmoja tu, nafasi hiyo ya kuchagua hutoweka: miche 13 haipangiki kwa mistari iliyo sawa, ila katika mstari mmoja mrefu.

Darasani, wanafunzi wakae wawili wawili na kila jozi ipewe punje 30 za maharage. Kwa kila namba kuanzia 2 hadi 30, wajaribu kupanga punje katika mistari iliyo sawa, kisha waandike namba zilizokataa. Watapata 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Mwalimu asiharakishe kutoa fasili. Kazi ikiisha, ndipo aseme: namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Neno tasa litumiwe kwa staha, kwa maana huenda darasani yumo mtoto ambaye ndugu yake husimangwa kwa neno hilo. Tena yafaa kuwaonyesha wanafunzi kwamba namba hizi ndizo zinazojenga namba nyingine zote kuanzia 4. Namba 12 ni 2 × 2 × 3, na kete 64 za bao la Kiswahili ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Mtoto aliyeelewa hivyo hatasumbuka sana atakapofika kwenye KDS na KKS.

Wanafunzi watauliza kama namba tasa zina mwisho. Jibu lilipatikana barani Afrika: yapata mwaka 300 K.K., huko Alexandria, Misri, Euclid alithibitisha kwamba hazina mwisho.

Kisha wapewe zoezi hili: waandike kila namba shufwa kuanzia 4 hadi 30 kama jumla ya namba tasa mbili. Wataona kwamba 8 ni 3 + 5, na 20 ni 7 + 13. Bila shaka mmoja atauliza, "Je, ni hivyo kwa namba zote shufwa?" Hapa ndipo mwalimu hupimwa. Dai hili lilitokana na barua ambayo Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler mwaka 1742. Kompyuta zimelijaribu kwa namba kubwa mno bila kulikanusha, lakini hadi leo hakuna aliyelithibitisha.

Je, mifano mingi haitoshi? Tuwarudishe wanafunzi kwenye punje zao. Namba 3, 5 na 7 ni tasa. Atakayeharakisha kusema kwamba kila namba witiri inayofuata ni tasa ataumbuka afikapo 9, ambayo hupangika mistari 3 ya punje 3. Hivyo watajifunza tofauti ya kudhani na kuthibitisha.

Baadhi yetu huona haya kukiri mbele ya watoto kwamba jibu halijulikani, tukidhani heshima yetu itapungua. Lakini mwalimu anayemnyamazisha muulizaji humfundisha kwamba hesabu ni amri. Amjibu kweli, "Hakuna ajuaye bado," kisha amwachie punje aendelee kutafuta.