Jeni sugu na mtoto wa selimundu

Huenda umesikia kwamba selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, sasa inatibiwa kwa jeni. Ni kweli. Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo mwaka 2023, kwa bei iliyopita dola milioni 2 kule Marekani. Lakini kabla ya kurudishiwa seli zake zilizorekebishwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya saratani ili kufagia uboho, yaani kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Dawa hiyo yaweza hata kumwacha tasa.

Wataalamu wanatafuta njia nyepesi. Pamoja na jeni ya tiba, hutia kwenye seli jeni nyingine, MGMT, inayozifanya kuwa sugu kwa dawa fulani. Dawa ikitolewa, seli zisizorekebishwa hufa na zilizorekebishwa husalia na kuzaana, mfano wa shamba lililopaliliwa. Mwaka 2012 watafiti wa Seattle walieleza jinsi jeni hiyo ilivyokinga uboho wa wagonjwa watatu wa saratani ya ubongo. Kwa selimundu bado ni utafiti, kwa hiyo anayekuuzia "dawa ya jeni" Lodwar au Kakuma ni tapeli.

Mtoto wako asisubiri. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, kidonge cha kila siku kilichoanzia kwenye saratani. Damu yake ipimwe mara kwa mara. Alale ndani ya neti. Anywe maji kila wakati, kwani jua la Turkana humkausha upesi na maumivu huanza. Akipata homa, akihema kwa shida au bandama likivimba ghafla, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.