Daftari na kamba: Mtaji wasiouona wakulima wa mtama na wavuvi wa majongoo

WAKULIMA wa mtama na wavuvi wa majongoo bahari ni watu ambao ni nadra kukutana. Mmoja yuko Dodoma au Singida akisubiri mvua, mwingine yuko Mafia au Pemba akisubiri maji yatoke. Hata hivyo, wote wawili wana tatizo moja la kibiashara. Mali yao inapungua thamani kidogo kidogo, na wanakuja kulijua hilo siku mnunuzi anapokataa mzigo au anapotaja bei ya kutupa.

Mkulima anaambiwa mtama wake umechanganyika. Mvuvi anaambiwa majongoo wake ni wadogo na aina zao ni za bei ya chini. Katika hali zote mbili mnunuzi ndiye mwenye maelezo, na mwenye mali hana cha kujibu. Dawa yake ya kwanza ni kuhesabu, tena kwa utaratibu, pale pale shambani na pale pale baharini.

Mtama na ndugu yake wa porini

Mtama ni zao la Afrika. Ulianza kulimwa upande wa kaskazini mashariki mwa bara hili maelfu ya miaka iliyopita, na mmea uliozaa zao hilo bado upo. Ni mtama mwitu, unaoota kando ya barabara, kwenye mifereji, kwenye mashamba yaliyoachwa na hata katikati ya mtama tuliopanda wenyewe.

Kwa kuwa ni ndugu wa damu, mtama mwitu na mtama wa shambani hupandana bila shida na kuzaa mimea yenye uwezo wa kuzaa tena. Sehemu kubwa ya maua ya mtama hujichavusha yenyewe, lakini sehemu iliyobaki hupokea chavua inayoletwa na upepo. Aina zenye masuke yaliyoachana hupokea chavua ya nje zaidi kuliko zile zenye masuke yaliyoshikana.

Hapa msomaji asichanganye mambo. Mbegu chotara zinazouzwa dukani huzalishwa kwa wazazi waliochaguliwa na kulindwa. Uchotara tunaouzungumzia hapa hutokea wenyewe, na mzazi mmoja ni gugu.

Chotara wa aina hii mara nyingi huwa mrefu, mwenye machipukizi mengi na suke lililotawanyika. Punje zake ni ndogo, zimefunikwa na maganda meusi au ya kahawia, na hupukutika kabla ya mavuno. Tatizo ni kwamba akiwa mchanga hufanana sana na mtama wa kawaida, hivyo humponyoka mpaliliaji. Punje zilizopukutika hubaki udongoni na kuota msimu unaofuata, na mkulima anayechagua mbegu kwenye ghala lake hupanda uchotara bila kujua.

Namna ya kuhesabu shambani

Watafiti wanaochunguza uchotara wa porini hawaanzii maabara. Huanza kwa miguu. Hutembea kutoka ukingo wa shamba kuelekea katikati, na kila baada ya hatua walizopanga husimama na kuhesabu mimea. Mkulima anaweza kufanya hivyo hivyo.

Chagua vituo 10. Usivichague kwa macho, maana jicho hupenda pale palipo pabaya au pale palipo pazuri. Hesabu hatua zilizo sawa, kwa mfano 20, na uliposimama ndipo kituo chako. Katika kila kituo kagua mimea 100 na uandike mingapi haifanani na mingine. Kama katika mimea 1,000 umepata 30, basi uchotara unaoonekana ni asilimia 3. Kituo ambacho hukupata hata mmoja nacho kiandikwe, kwa sababu sifuri nayo ni takwimu.

Mambo mengine matatu yanastahili kuandikwa. La kwanza ni umbali kutoka shambani hadi mtama mwitu ulipo. La pili ni tarehe ya kuchanua kwa mtama wako na tarehe ya kuchanua kwa ule wa porini. Chavua ya mtama haikai hai muda mrefu, hivyo kama miwili hiyo haichanui kwa wakati mmoja, hatari ni ndogo hata kama imepakana. La tatu ni mbegu ilitoka wapi: dukani, kwa jirani au ghalani kwako.

Watafiti huongeza hatua mbili. Hukusanya masuke kwenye mifuko ya karatasi yenye namba, kisha hupanda mbegu zake ili kuona watoto wanafanana na nani. Aidha, huchukua vipande vya majani na kuvikausha kwa ajili ya kupima vinasaba. Vipimo hivyo humwambia mtaalamu kile ambacho jicho haliwezi kukiona, hasa chotara wa kizazi cha tatu au cha nne aliyekwisha kufanana na mtama wenyewe.

Kwa mkulima, takwimu zake zina kazi ya haraka. Kama ukingo mmoja wa shamba una mimea mingi tofauti, asichukue mbegu upande huo. Ang'oe machotara kabla hawajachanua. Masuke ya mbegu ayafunike kwa mifuko ya khaki kabla maua hayajafunguka. Ekari moja huhitaji takriban kilo 4 za mbegu, na suke zuri likitoa gramu 50, masuke 80 yaliyofunikwa yanatosha ekari hiyo.

Chini ya bahari

Majongoo bahari ni wanyama wasio na uti wa mgongo wanaoishi sakafuni mwa bahari, wakila mabaki yaliyomo mchangani. Wakikaushwa huuzwa hasa Hong Kong na China. Uzito wao ukishakauka hubaki chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa awali, kwa hiyo mfuko mmoja mdogo sokoni ni majongoo wengi sana baharini.

Wanyama hawa huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu za kiume majini. Wakiwa wametawanyika mbali mbali, mayai hayapati mbegu. Ndiyo maana eneo linaweza kuonekana bado lina majongoo wachache, kumbe uzazi umekwisha kusimama. Mvuvi asiyehesabu hawezi kuliona hilo mapema.

Tanzania Bara ilipiga marufuku uvuvi wa majongoo katika miaka ya 2000, wakati Zanzibar biashara iliendelea. Marufuku ya namna hiyo humwumiza zaidi mvuvi mdogo, na huja pale ambapo hakuna takwimu za kuonyesha ni wapi na kwa kiasi gani uvunaji ungeweza kuendelea.

Kamba ya mita 50

Kazi ya kuhesabu haina tofauti kubwa na ile ya shambani. Maji yakitoka wakati wa bamvua, tandaza kamba ya mita 50. Tembea nayo ukikagua mita moja kila upande, na utakuwa umekagua mita 100 za mraba. Rudia mara 10 sehemu mbalimbali. Kama umepata majongoo 12 katika mita 1,000 za mraba, hiyo ni sawa na majongoo 120 kwa hekta.

Lakini bahari ina masharti yake. Jongoo mchanga, ambaye ni wa bei kubwa, hujifukia kwa saa nyingi za siku, hivyo hesabu ya asubuhi na ya usiku haziwezi kulinganishwa. Andika saa, hali ya maji na aina ya sakafu: mchanga, majani au mawe. Urefu pimeni kabla ya kumgusa, maana akiguswa hujikunja. Andikeni kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka.

Andikeni pia jina la kila aina. Uchotara upo hata baharini. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba jongoo mchanga hupandana na jamaa yake wa karibu na kupata machotara, ingawa aina hizo mbili zimeendelea kubaki mbalimbali. Jamaa huyo alipewa jina lake la kisayansi, Holothuria lessoni, mwaka 2009. Kabla ya hapo wengi waliwahesabu wote kama kitu kimoja, na hesabu ya namna hiyo inaweza kuficha kupungua kwa aina moja.

Soko linataka karatasi

Mwaka 2019 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kuweka chini ya udhibiti aina tatu za majongoo, wakiwamo wanaoitwa pauni nyeupe na pauni nyeusi, na utaratibu huo ulianza 2020. Maana yake ni kwamba ili wauzwe nje, wataalamu wa nchi husika waridhike kwanza kuwa uvunaji hauhatarishi aina hiyo. Bila hesabu kutoka baharini, hakuna cha kuwaridhisha, na mfanyabiashara anabaki na mzigo mkononi.

Kwenye mtama hali inafanana. Mkulima anayetaka kuzalisha mbegu za kuuza hukaguliwa shamba lake na TOSCI, na mwenye kumbukumbu za umbali na idadi ya mimea tofauti huanza akiwa na hoja.

Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima ana magunia 20, na mnunuzi anakata Sh5,000 kwa kila gunia kwa sababu ya mchanganyiko. Hasara ni Sh100,000. Kuwalipa vijana wawili Sh10,000 kila mmoja wahesabu na kung'oa kwa siku moja ni Sh20,000. Kamba, vigingi na daftari vitatumika misimu kadhaa.

Tahadhari moja ni muhimu. Lengo si kuteketeza mtama mwitu kila unapoonekana. Ndani yake zimo sifa za kustahimili ukame na magonjwa ambazo wazalishaji wa mbegu wanazihitaji. Uondolewe karibu na shamba la mbegu, uachwe kwingineko.

Vikundi vya wakulima na kamati za uvuvi za vijiji vinaweza kuanza msimu huu kwa kuchagua watu wawili wanaojua kuandika, vituo visivyobadilika na siku maalumu ya kuhesabu. Hesabu ya mwaka mmoja haisemi mengi. Ya miaka mitatu, iliyofanyika mahali pale pale kwa njia ile ile, inaonyesha kama mali inaongezeka au inakwisha, na hapo kikundi kinaweza kukaa meza moja na mnunuzi na ofisa wa serikali kikiwa na namba zake chenyewe.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.